Muuguzi akaaye mbali achague zamu gani?

Liko swali ambalo katika jamaa nyingi za wauguzi haliulizwi mpaka ugomvi umekwisha kuingia nyumbani. Mke ameandikwa kazi hospitalini, au mume, watu wamefurahi, mkuu wa wauguzi amemwonyesha karatasi ya zamu aseme ipi itamfaa, naye ametia alama upesi pale penye saa chache. Baada ya miezi miwili watoto hawamwoni ila akiwa amelala, na nauli imekula sehemu ya mshahara ambayo hakuna aliyeitazamia. Ndipo mume husema, “Kazi hii ni mbaya.” Pengine kazi si mbaya. Iliyo mbaya ni zamu iliyochaguliwa kana kwamba muuguzi hulala mlangoni pa hospitali.

Tutwae mfano wa Kipushi na Lubumbashi. Kipushi ni mji wa mgodi, mpakani mwa Zambia, nao uko kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Kwa mwenye motokari yake, siku ya njia nyeupe, kilomita 30 si kitu. Lakini muuguzi asiye na motokari hahesabu kilomita. Yeye huhesabu mwendo wa miguu hata kituoni, kungoja basi lijae, njia yenyewe, kushuka mjini, kutafuta basi la pili, na mwendo wa miguu tena hata lango la hospitali. Tuseme saa 2 toka mlango hata mlango, yaani saa 4 kwa siku, na nauli nne. Hata wakaao mitaa ya mwisho ya Ruashi au Katuba, ndani ya mji wenyewe, wapo ambao safari yao ni fupi kwa kilomita lakini si fupi kwa saa.

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yaweka mpaka wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Hizo ni saa za kazi; safari haimo. Kwa hiyo karatasi ya zamu haidanganyi, ila yasema nusu tu ya habari. Nusu ya pili yampasa muuguzi aiandike mwenyewe.

Mahospitali hayafanani. Mengine hugawa siku katika zamu tatu za saa 8: toka saa moja asubuhi hata saa tisa alasiri, toka saa tisa hata saa tano usiku, na toka saa tano usiku hata asubuhi. Mengine yana zamu mbili tu za saa 12: toka saa moja asubuhi hata saa moja jioni, na toka jioni hata asubuhi. Tena yako yenye desturi ya kuunganisha alasiri na usiku kuwa zamu moja ndefu sana, na kisha kumpa mtu siku za kupumzika. Zamu hiyo watu wengi huiita kwa Kifaransa “garde”.

Sasa tufanye hesabu ya majuma mawili. Mwenye zamu za saa 8, siku 5 kwa juma, atafanya kazi siku 10, jumla saa 80. Mwenye zamu za saa 12, akifanya 3 juma moja na 4 juma lifuatalo, atafanya kazi siku 7, jumla saa 84. Kazi karibu ni sawa. Tazama safari: wa kwanza atakaa njiani saa 40 na kulipa nauli 40; wa pili saa 28 na nauli 28. Saa 12 zimeokoka, na nauli 12, katika majuma mawili tu. Kwa mwaka mzima nauli hizo zapita 300. Mwenye watoto shuleni ajua fedha hiyo yaweza kulipa nini.

Kwa sababu hiyo watu wengi wakaao mbali hukimbilia zamu ndefu, nami siwalaumu. Ila hesabu ina upande wa pili. Siku ya zamu ndefu, saa 12 za kazi, nusu saa ya kupokezana wagonjwa na mwenzako, na saa 4 za njiani, ni saa 16 na nusu. Zimebaki 7 na nusu za kuoga, kula, kusema na mume, kutazama daftari la mtoto, na kulala. Waganga wanaochunguza habari za usingizi husema mtu mzima ahitaji saa 7 za kulala au zaidi. Hapa hazipatikani. Siku moja ya namna hiyo mwili wastahimili. Siku mbili, tena wastahimili. Ya tatu ni deni. Ya nne, muuguzi anaweza kusoma jina la dawa mara mbili na kutoa nyingine.

Neno hili la mwisho si la kutisha watu bure. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliandika katika gazeti la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono na akili yake hufanya kazi kama za mtu mwenye ulevi wa kiasi cha 0.05 kwa mia katika damu. Katika nchi nyingi kiasi hicho ndicho mpaka ambao akiufikia dereva hukamatwa. Sasa mhesabu muuguzi wetu wa Kipushi aliyeamka saa kumi za alfajiri ili awahi zamu ya saa moja. Saa tatu za usiku, akiwa bado njiani kurudi, saa zake 17 zimetimia. Hakunywa hata tone. Kama yumo ndani ya basi, hasara ni kupitishwa kituo au kuibiwa mfuko. Kama anaendesha pikipiki yake, mambo ni mengine kabisa. Kwa hiyo nasema wazi: mwenye kujiendesha mwenyewe asichague zamu ya saa 12 juu ya safari ya saa 2, isipokuwa ana mahali pa kulala karibu na hospitali.

Hapo tumefika kwenye zamu ambayo, kwa mtu wa mbali, ni mbaya kupita zote, nayo machoni ni laini: zamu ya alasiri. Watu huipenda kwa kuwa asubuhi yote wako nyumbani. Wanafua, wanapika, wanakwenda sokoni. Lakini yaisha saa tano usiku. Mabasi yamepungua au yamekwisha, pikipiki hutaka fedha mara tatu, na barabara za pembeni hazina taa. Muuguzi afika kwake saa saba za usiku, kama amefika. Na likitokea lile jambo ambalo mafundi wa karatasi za zamu hulitia bila kufikiri, yaani alasiri leo na asubuhi kesho, basi tazama: toka saa tano usiku hata saa moja asubuhi ni saa 8 kwenye karatasi, ondoa saa 4 za kwenda na kurudi, zimebaki 4. Katika hizo 4 afungue mlango, avue viatu, alale, aamke, avae viatu.

Shirika la Kazi la Dunia, katika mkutano wake wa Geneva mwaka 1977, lilitoa mapatano juu ya kazi ya wauguzi, na pamoja nayo shauri lenye namba 157. Shauri hilo lataka muuguzi apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya zamu na zamu, na tena siku yake ya kazi, hata pamoja na saa za kuongezwa, isipite saa 12. Ni shauri, si sheria ya kumfunga mkuu wa wauguzi kesho yake. Lakini ni jambo jema kulijua unapokwenda kusema naye, maana linaonyesha kwamba huombi anasa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni mpaka waonyeshwe. Katika hospitali ya zamu mbili, mtu wa mbali afanyaye kazi mchana hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, na hurudi jua limekwisha kuchwa. Safari zake mbili ni za giza. Mwenziwe wa usiku hutoka nyumbani saa kumi na moja jioni, kungali mwanga, na kurudi asubuhi kweupe. Tena asubuhi yeye atoka mjini wakati watu wote wanaingia. Mara nyingi hupata kiti. Zamu ya usiku, ambayo kila mtu aiogopa, kwa upande wa njia ndiyo yenye amani. Mume anayemkataza mkewe zamu ya usiku kwa kuhofia hatari za njiani afadhali ahesabu kwanza saa za giza katika zamu ya mchana.

Lakini sasa yataka kusema juu ya usingizi wa mchana, na hapa jamaa nyingi hushindwa. Muuguzi amerudi saa tatu na nusu asubuhi. Nyumba ni ya mabati. Saa sita ni tanuru. Jirani anagonga misumari. Mtoto mdogo amesikia sauti ya mama yake, hataki tena kukaa kwa dada. Mgeni amepiga hodi, naye si mtu wa kuambiwa arudi. Shangazi wa mume amekuja toka kijijini, amekuta mke wa nyumba amelala saa saba za mchana, na jioni amepeleka habari kwa ukoo kwamba kijana wao ameoa mvivu. Nawaambieni, habari hiyo imeharibu nyumba nyingi kuliko njaa.

Mtu alalaye mchana, hata pasipo kelele, hulala saa chache kuliko alalaye usiku, maana mwili wenyewe wafuata jua. Basi saa zile chache zisiibwe. Dawa yake ni ya mume zaidi kuliko ya mke. Yeye ndiye awaambie watu wake, mapema, kwa maneno ya heshima: “Mama Fulani alikesha na wagonjwa, mpaka saa tisa msimwamshe.” Akisema mke mwenyewe, ataonekana ana kiburi, akisema mume, neno limekwisha. Chumba kitiwe pazia nene au blanketi dirishani. Sufuria zikae nje. Na muuguzi mwenyewe asianze kufua kwanza “kidogo tu” akirudi. Afike, aoge, ale kidogo, alale. Kahawa na chai nzito aziache saa kadhaa kabla ya kumaliza zamu. Siku anayoanza usiku, alale alasiri saa moja na nusu au mbili kabla ya kutoka. Usingizi huo mfupi humsaidia kuliko birika zima la kahawa saa tisa za usiku, wakati ule ambapo mwili wa kila mtu huwa chini kabisa.

Je, achukue basi zamu ya usiku tu, mwaka baada ya mwaka? Hapana, hilo nalo silishauri. Ile ofisi ya Lyon inayochunguza ugonjwa wa kansa kwa niaba ya Shirika la Afya la Dunia iliandika mwaka 2007, na kurudia mwaka 2019, kwamba kazi ya usiku huenda ikawa mojawapo ya mambo yaletayo kansa. “Huenda” si “hakika”, wala mtu asiache kazi kwa neno hilo. Ila ni sababu ya kutosha ya kuchanganya miezi ya usiku na miezi ya mchana. Na zamu zikizunguka, yafaa zizunguke kwa kufuata jua: asubuhi kwanza, kisha alasiri, kisha usiku, halafu mapumziko. Mwili wavumilia kuchelewa kulala kuliko kulazimishwa kulala mapema.

Mkiniuliza mimi, mtu wa saa 2 toka mlango hata mlango, asiyejiendesha, ningemwambia achague zamu za saa 12, zisizozidi mbili au tatu mfululizo, na zile za usiku azipange mbili mbili. Kama hospitali ina chumba chenye kitasa kizuri, au kama ana dada yake mtaa wa karibu, basi alale huko kati ya usiku wa kwanza na wa pili. Kwa namna hiyo amefanya safari moja badala ya mbili, na saa 4 amezilala. Hapo dada huyo wa karibu asisahauliwe: mfuko wa unga, au mafuta, mwisho wa mwezi. Watu wa mjini nao wananunua kila kitu.

Kwa mama anyonyeshaye, hesabu yabadilika. Saa 16 na nusu mbali na mtoto ni nyingi mno; kwake zamu ya asubuhi ya saa 8, hata kwa nauli nyingi, ni afadhali mpaka mtoto aanze kula vizuri. Fedha itarudi baadaye.

Na mwenye safari ya dakika 45? Huyo makala haya hayamhusu sana. Achague apendavyo, ila ile alasiri ya leo na asubuhi ya kesho aikatae hata yeye.

Limebaki neno juu ya namna ya kuomba. Wauguzi wengi huenda kwa mkuu wao na machozi, au na barua ya mganga, au na mjomba anayemjua mkubwa fulani. Njia hizo zaweza kufaulu mara moja. Mkuu wa wauguzi ana vitanda vya kujaza watu usiku na mchana, na mbele yake kila mtu ana shida. Afadhali kwenda na karatasi moja. Uandike kwa majuma mawili saa uliyotoka nyumbani, saa uliyofika, saa uliyotoka kazini, saa uliyofika kwako. Chini yake uandike unaomba nini, tena iwe jambo moja au mawili: nisiwekwe alasiri na asubuhi mfululizo, zamu zangu ziunganishwe mbili mbili. Na uandike unatoa nini. Kwa maana wako wauguzi wakaao hatua mia tano toka hospitalini ambao zamu ya alasiri haiwadhuru hata kidogo, na wanachotamani ni Dominika yao na sikukuu. Wewe wa mbali, toa Dominika moja kwa mwezi, upokee asubuhi ya mwenzako. Hakuna anayeibiwa.

Kubadilishana huko kuandikwe na mkuu atie sahihi. Wawili wakipatana kwenye ubaraza tu, siku mmoja asipofika, jina lililo kwenye karatasi ndilo litakaloulizwa, na wodi imebaki na mtu mmoja kwa wagonjwa thelathini. Maana tusisahau kwamba anayekungoja asubuhi umpokee hawezi kuwaacha wagonjwa aende zake. Kila nusu saa unayochelewa njiani, yeye aliyekesha aongeza nusu saa. Mimi ni mwalimu. Nikichelewa, watoto watacheza uwanjani. Muuguzi hana uwanja wa kumwachia mtu. Kwa hiyo mwenye kuomba zamu ijulikanayo vema saa zake aomba pia kwa ajili ya mwenzake.

Jambo la mwisho ni mvua. Karatasi yako ya majuma mawili, kama uliiandika mwezi wa Julai, ni karatasi ya kiangazi. Katanga mvua ikishika, kuanzia Novemba hata Machi, barabara ya udongo toka kwako mpaka kituo hugeuka matope, mabasi hupungua, na zile saa 2 huwa mbili na nusu au tatu. Uipime safari tena juma la kwanza la mvua kubwa, na kama hesabu imeharibika, rudi kwa mkuu wa wauguzi kabla karatasi ya Desemba haijabandikwa ukutani.